Unene ukirudi baada ya kisu: Je, ukapasuliwe tena?

Tuseme, ndugu msomaji, wewe ni mkazi wa Kianjai, pale kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua. Una duka lako, au unafunza shule ya msingi, au pengine unauza nafaka siku ya soko. Miaka mitano iliyopita ulikuwa na uzito wa kilo 120. Magoti yalikuuma, sukari ilikuwa imepanda, na usiku ulikoroma hadi watoto wakakimbia chumba cha pili. Jamaa wakaitisha harambee, kipande cha shamba kikakodishwa, nawe ukaenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene.

Ukarudi nyumbani, na kabla ya miaka miwili kwisha ulikuwa umeshuka hadi kilo 85. Sokoni wapo waliokupita bila kukutambua. Wengine walinong'ona kuwa umeambukizwa "ule ugonjwa", maana kwetu mtu akikonda ghafla hakosi kuzuliwa jambo. Wewe ukacheka tu. Ulikuwa unapanda matatu bila kulipia viti viwili.

Leo mizani inasema 110.

Mtu huyu nimemchora ili tuelewane, lakini masaibu yake si ya kubuni. Kadiri upasuaji wa aina hii unavyoenea Afrika Mashariki, ndivyo wanavyoongezeka wale ambao uzito umewarudia, na swali lao ni moja: je, nirudi kupasuliwa? Wengi hawaliulizi kwa sauti. Wanaona haya mbele ya daktari, na haya zaidi mbele ya wale waliochanga.

Kama haya ndiyo yanayokuzuia, mkumbuke Diego Maradona. Mwanasoka huyo wa Argentina alipasuliwa mjini Cartagena, Colombia, mwezi Machi mwaka wa 2005, akapungua hata mashabiki wakastaajabu. Miaka ikapita, uzito ukamrudia, na mwezi Novemba 2015 akalala tena juu ya meza ya upasuaji, safari hii mjini Maracaibo, Venezuela, ili kazi ya kwanza irekebishwe. Huyo alikuwa na pesa na madaktari wa kuchagua. (Alifariki Novemba 2020 kwa maradhi ya moyo.)

KISU CHA KWANZA HUFANYA NINI?

Kabla hatujafika kwenye kisu cha pili, sharti tukijue cha kwanza. Maana ajabu ni kwamba wagonjwa wengi hawajui walifanyiwa nini hasa. Ukimuuliza atakwambia, "Nilikatwa tumbo." Lakini kuna kukatwa na kukatwa.

Kwanza kabisa, kunyonywa mafuta ya chini ya ngozi si upasuaji tunaouzungumzia hapa. Huko ni kurekebisha umbo, wala hakugusi mahali chakula kinapoingia. Mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya kunyonywa mafuta, na tangu hapo watu wengi wameyachanganya mambo haya mawili.

Upasuaji wenyewe hulenga mfuko wa chakula, yaani lile tumbo la ndani linalopokea unachomeza. Njia ya zamani kidogo ni kuufunga mkanda wa mpira sehemu ya juu ili chakula kipite polepole. Njia inayotumika sana siku hizi ni kuukata mfuko kwa urefu na kuondoa karibu robo tatu yake au zaidi, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Ya tatu ni kutenga kijifuko kidogo juu, kiasi cha kikombe cha kahawa ya Kiarabu, kisha kukiunganisha na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida. Njia hii ya kuunganisha ilibuniwa na Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960.

Kuna pia puto. Hili si upasuaji hasa, kwani aghalabu hupitishwa mdomoni likiwa tupu na kujazwa likishafika ndani. Majirani zetu wa Tanzania wanalijua vyema, kwa sababu Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila imekuwa ikitoa huduma hiyo. Lakini puto ni la muda. Baada ya miezi kadhaa, kwa kawaida sita hadi 12, lazima litolewe. Mtu ambaye hakubadili ulaji wake katika kipindi hicho asishangae akirudi alikotoka.

Mkato ule wa mfano wa ndizi una jambo lake la siri. Sehemu inayotupwa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ambayo wanasayansi wa Kijapani waliigundua mwaka wa 1999. Ndiyo sababu miezi ya mwanzo mgonjwa husahau hata kula. Anadhani amepona njaa milele. Ole wake! Mwili wa binadamu haupendi kupungua. Ukiona akiba inakwisha, hupunguza matumizi na kuamsha hamu ya kula kwa njia nyingine, na kadiri miaka inavyosonga njaa huanza kubisha hodi.

KURUDI KIASI GANI NDIKO KUSHINDWA?

Hapa tuache hisia tushike hesabu. Nchini Sweden, madaktari walianza mwaka wa 1987 kuwafuatilia watu wanene, wengine wakiwa wamepasuliwa na wengine wakipewa ushauri na matibabu ya kawaida tu. Matokeo waliyochapisha mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba waliounganishwa utumbo walipoteza, kwa wastani, asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10 upungufu huo ulikuwa umebaki asilimia 25. Waliofungwa mkanda walianza na asilimia 20 wakabaki na 14. Wale wa ushauri mtupu hawakusogea kwa zaidi ya asilimia mbili juu au chini. Na waliopasuliwa, kwa jumla, walikufa wachache kuliko wenzao.

Soma tena tarakimu hizo, msomaji. Zinasema kwamba kila kundi la waliopasuliwa lilirudisha uzito kidogo. Kwa hivyo aliyeanza na kilo 120 akashuka hadi 85, na leo ana 91, hajashindwa na lolote. Anafuata njia ile ile ya wenzake, na daktari mwaminifu atamrudisha nyumbani bila kumgusa. Lakini yule wetu wa kilo 110 amebakiwa na faida ya kilo 10 tu kati ya 35. Huyo ana haki ya kuuliza kulikoni.

Wala mizani si kipimo pekee. Kuna mtu ambaye uzito haujarudi, lakini kiungulia kinamkosesha usingizi, au kila anachomeza kinarudi, au mkanda umeteleza, au kuna kidonda pale palipounganishwa. Mkato wa mfano wa ndizi hasa unajulikana kwa kuleta kiungulia. Mwingine amekonda kupita kiasi, nywele zinanyonyoka na miguu imevimba kwa kukosa protini. Hao nao huhitaji kurekebishwa, na pengine kwa haraka zaidi kuliko mwenye kilo nyingi.

TAFUTA KILIPOVUNJIKA

Nitasema wazi ninavyoona mimi: kosa kubwa kuliko yote ni kukimbilia kisu cha pili kabla ya kujua cha kwanza kilishindwa wapi. Fundi wa baiskeli hawezi kubadilisha gurudumu ikiwa kilichokatika ni mnyororo.

Daktari anayejua kazi yake ataanza kwa kuomba ripoti ya upasuaji wa kwanza. Kisha atapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni mwako hadi ndani, na pengine akunyweshe dawa nyeupe upigwe picha ya eksirei huku ikishuka. Hapo ataona kama kijifuko kimetanuka, kama mkanda umehama au kula ndani ya nyama, au kama pametoboka njia ya mkato inayopeleka chakula kwenye ule mfuko mkubwa uliokuwa umetengwa. Hiyo ni hitilafu ya ufundi, na hitilafu ya ufundi hurekebishwa kwa ufundi.

Lakini mara nyingi kamera haioni kasoro. Ndipo maswali yanapogeukia dawa unazotumia, kwa sababu zipo zinazonenepesha: insulini, dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na hata sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Tezi ya shingo nayo hupimwa. Halafu huja swali ambalo wengi hulijibu kwa nusu ukweli: unakunywa nini?

Nasema kunywa, si kula. Mfuko mdogo huzuia ugali na githeri, lakini hauzuii maji matamu. Soda, chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, uji uliokolezwa sukari, juisi ya paketi na pombe huteleza moja kwa moja kana kwamba hakuna upasuaji uliofanyika. Na hapa watu wa Kianjai na Tigania kwa jumla tuongee bila kufichana. Miraa hukata hamu ya chakula, hilo kila mtu analijua. Lakini mtafunaji hutafuna kwa saa nyingi, na ili kuua ule uchungu huteremshia soda au chai tamu, funda baada ya funda, huku mdomoni pana Big G. Jioni miraa ikiisha nguvu njaa hurudi yote kwa pamoja. Mtu huyo ataapa kwamba tangu asubuhi hajatia kitu tumboni, naye kwa maoni yake hasemi uongo. Mfuko mdogo hauna kinga dhidi ya siku ya namna hiyo.

Wala nisieleweke vibaya. Simwambii mtu kwamba ni mlafi. Huzuni, kufiwa, mimba, kazi ya usiku, hata furaha ya kuwa sasa unaweza kula bila kutapika, vyote huchangia. Ninachosema ni kwamba ikiwa shida iko kwenye kikombe, kisu hakitaitoa.

KISU CHA PILI

Haya, tuseme imeonekana kweli pana sababu ya kurudi. Hufanywa nini? Aliyefungwa mkanda hutolewa mkanda huo, kisha akakatwa mfano wa ndizi au akaunganishwa utumbo. Wapasuaji wengine hupenda kuufanya kwa awamu mbili, wakiacha miezi kadhaa katikati ili nyama iliyovimba itulie. Aliyekatwa mfano wa ndizi aghalabu hugeuzwa kuwa wa kuunganishwa. Ikiwa anateswa na kiungulia, mageuzi haya humpa nafuu kubwa. Ikiwa anachotafuta ni kilo tu, asitarajie miujiza, kwani kwa kawaida upungufu wa mara ya pili huwa mdogo kuliko wa kwanza.

Na aliyekwisha kuunganishwa tangu mwanzo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Anaweza kupunguziwa kijifuko, au kurefushiwa ile sehemu ya utumbo inayorukwa. Lakini ukirefusha kupita kiasi chakula hakinyonywi, na mtu anaweza kuteseka kwa utapiamlo huku chakula kimejaa jikoni.

Inafaa pia ujue kwamba kisu cha pili si lazima kiwe ishara ya kushindwa. Ule mkato wa mfano wa ndizi ulianza kama hatua ya kwanza tu ya upasuaji mkubwa zaidi. Watu wanene mno hawakuweza kustahimili kazi yote kwa siku moja, basi ikagawanywa mara mbili. Baadaye ikaonekana kuwa wengine walipungua vya kutosha bila hatua ya pili. Kwa hivyo mtu aliyeanza na uzito mkubwa sana pengine alipaswa kuambiwa tangu mwanzo kwamba safari ni ya awamu mbili.

Hata hivyo hatari ni kubwa zaidi mara ya pili. Ndani kuna makovu, viungo vimegandamana, na damu haifiki kila mahali kama zamani. Pale paliposhonwa panaweza kuvuja. Ukisharudi nyumbani mapigo ya moyo yakawa ya kasi, ukapata homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu begani au kukosa pumzi, usingoje kesho wala usinunue dawa ya tumbo dukani. Hiyo ni dharura, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Siku hizi kuna njia nyingine kabla ya kisu, nayo ni sindano. Dawa ya semaglutidi iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya unene mwaka wa 2021, ikafuatwa na tirzepatidi mwaka wa 2023. Watafiti wa Uingereza waliijaribu dawa ya jamii hiyo, liraglutidi, kwa watu waliokwisha kupasuliwa bila kupungua ipasavyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2023 yalionyesha kwamba inasaidia. Tatizo ni bei, na kwamba ukiiacha uzito hupenda kurudi. Jihadhari na za vichochoroni. Mapema mwaka wa 2023 zaidi ya watu 80, wengi wao wakiwa Uturuki na Ujerumani, walipata sumu ya botulini baada ya kwenda kudungwa ndani ya mfuko wa chakula katika kliniki za Uturuki ili wapungue.

KUTOKA NAIROBI HADI KIANJAI

Wapasuaji wa kazi hii wengi wao wako mijini, Nairobi hasa, na kutoka Kianjai ni zaidi ya kilomita 200. Wengine huenda India au Uturuki kabisa. Unapasuliwa huko, lakini maisha unayaishi hapa, na hapa ndipo wengi hupotelea. Kliniki ya mwezi wa tatu unahudhuria. Ya mwezi wa sita unatuma pole. Ya mwaka hukumbuki hata tarehe.

Vipimo vingi vya kila mwaka si vya ajabu. Ni damu, madini ya chuma, vitamini B12, kalisi na vitamini D. Muulize mpasuaji wako kama unaweza kupimwa Meru au Maua kisha umpelekee majibu badala ya kusafiri kila mara. Vitamini ni za maisha yote, si za mwezi mmoja.

Kuna mambo mawili ambayo yafaa uyaandike kwenye karatasi na kuitia ndani ya kitambulisho, kwa kuwa mhudumu wa zahanati huenda asiyajue. La kwanza ni la waliounganishwa utumbo: tembe za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazonunua bila kufikiri magoti yakiuma, zinaweza kutoboa kidonda pale palipounganishwa. La pili ni la kila aliyepasuliwa: ukitapika kwa siku nyingi mfululizo, vitamini B1 huisha mwilini upesi, na ukosefu wake huharibu ubongo. Ukitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1 mambo yanaweza kuzidi kuharibika. Mwambie muuguzi, au aliyekupeleka amwambie.

Akina mama nao wajue kwamba uzito ukishuka uzazi huamka. Madaktari hushauri kungoja mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kabla ya kushika mimba, na tembe za kupanga uzazi si za kutegemewa sana baada ya kuunganishwa utumbo.

Hayo tisa, kumi ni harambee ya pili. Jamaa watauliza, na wana haki ya kuuliza, pesa za kwanza zilienda wapi. Usiende kwao na aibu peke yake. Nenda na faili: ripoti ya upasuaji wa kwanza, uzito wako wa kila mwaka, majibu ya kamera, na maelezo ya daktari ya kilichovunjika. Jina la mpasuaji lihakikishwe katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kama faili inaonyesha hitilafu, wasomee. Kama inaonyesha soda, wasomee vilevile, na pengine pesa hazitahitajika kabisa.

Na ikiwa itabidi kuchanga, bajeti isiishie kwenye kitanda cha hospitali. Ongezeni mstari wa vitamini, mstari wa vipimo vya damu, na nauli ya Kianjai hadi Nairobi na kurudi, mara nne mwaka wa kwanza.